Mpelelezi Asiyejua Shikamoo

Kaka yangu Gwandu,

Shikamoo. Najua huniitikii tena, lakini mama alituzoesha hivyo, na mimi siwezi kumwanza mkubwa wangu kwa maneno makavu.

Juzi kijana mmoja wa hapa Nangwa alinisifia riwaya ya yule mwandishi wetu, ile ya daktari muuaji. Anasema ni kali kuliko zake zote. Nikamwambia ni mbovu, tena mbovu kabisa, na sikumumunya maneno. Aliponiuliza sababu nikaona nikuandikie wewe kwanza, yeye na wengine wasome wakitaka.

Unakumbuka tulivyompenda mwandishi yule. Wewe ulikuwa dereva wa kombaini ya kuvuna kwenye mashamba ya ngano ya serikali, mimi mwanafunzi wa darasa la sita niliyekuja kukaa nawe kambini wakati wa likizo. Kombaini haiingii shambani ngano ikiwa na umande, kwa hiyo asubuhi madereva wote mlikaa chini mkisubiri jua. Wewe ulisoma polepole, kidole juu ya mstari, ndiyo maana kitabu chake cha upelelezi kilikuja mikononi mwangu. Nilisoma kwa sauti hadi wengine wakasahau chai yao ikapoa. Halafu msimamizi anavunja suke, analisugua viganjani, anapuliza makapi, anatafuna punje moja. "Umande umekauka," anasema, na nyote mnapanda mashine mkimwacha mpelelezi wetu amefungwa kamba kwenye kiti. Nililichukia sana jua lile.

"Weka alama hapo," uliniambia kila siku. "Na usisome mbele bila mimi."

Nyumbani Gendabi nilimsimulia mama hadithi zile akichambua maharage. Hakupendezwa. "Anaingia nyumba ya watu bila hata shikamoo?" aliuliza. "Huyo ni mpelelezi au mwizi?" Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Ni kweli, yule bwana alipiga mlango teke, akavuta kiti, akaanza kuuliza maswali. Hakuwahi kumwamkia mtu katika kitabu hata kimoja.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu, wewe ukapata uvimbe tumboni. Daktari alisema upasuliwe, na kwamba uvimbe ule hausubiri. Nikakuletea zawadi wodini, riwaya mpya ya mwandishi wetu, bado inanukia wino. Sikuwa nimeifungua. Sheria yako niliishika hata baada ya kuwa mtu mzima na watoto wangu.

Laiti ningechungulia. Sura ya kwanza, mgonjwa anachomwa sindano ya usingizi ili apasuliwe, haamki. Sura ya pili, wawili hawaamki. Wewe umevuta blanketi hadi kidevuni, macho yamekutoka. Nikasema tupumzike. "Soma," ukasema. Tulipofika katikati ulimwita nesi ukamwambia hupasuliwi, unarudi nyumbani. Nesi akadhani ni uvimbe unaokusumbua, akaenda kuita daktari. Nikakubembeleza, nikakukumbusha watoto wako. Ukanijibu kwa utulivu, "Sichomwi sindano mpaka nijue yule daktari amekamatwa."

Kaka, niliogopa. Nilikujua, ukishasema umesema. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje na kwa mara ya kwanza nikasoma mbele bila wewe. Daktari hakamatwi. Hata sababu ya kuua watu haitajwi. Katika ukurasa wa mwisho mpelelezi anaamka kitandani kwake, kumbe alikuwa na homa, yote yalikuwa ndoto. Nilimkasirikia mwandishi yule kama mtu aliyenialika harusini akanipa maji ya moto. Vitabu vyote vile tulivyomsomea, halafu siku tunamhitaji anatuletea ndoto ya malaria!

Nikarudi, nikafungua kitabu, nikaanza kutunga. Macho yangu yalikuwa kwenye mistari, kurasa nikazigeuza kwa wakati wake, na sauti sikuiacha itetemeke. Mpelelezi akaingia wodini, akamwendea bibi mmoja aliyelala karibu na dirisha. "Shikamoo, bibi," akasema.

Neno lilinitoka tu. Ukainua kichwa. "Tangu lini huyu bwana anaamkia watu?"

"Labda amekua," nikajibu.

Ukakitupia jicho kitabu. "Bibi ameitikia?"

"Ameitikia. Kasema, marahaba, mjukuu wangu."

"Haya, endelea."

Na yule bibi, kwa kuwa ameamkiwa kama mtu, akaeleza yote aliyoyaona alipojifanya amelala. Daktari akatiwa pingu hapohapo. Mgonjwa aliyekuwa mezani akaamka akaomba uji. Nikafunga kitabu, nikakiacha kitandani, nikaenda kukutafutia chakula. Niliporudi uliniambia umekubali.

Asubuhi nesi alikuja na kitanda cha magurudumu. Ukapanda mwenyewe, ukamwambia, "Haya, umande umekauka." Hakuelewa. Mimi nilielewa, nikabaki kwenye benchi lile nikimwomba Mungu kwa Kiswahili na Kiiraqw, chochote kitakachomfikia kwanza. Mchana ulifumbua macho ukaomba uji. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Ulirudi kwenye kombaini yako. Uliishi, Kaka, ukaozesha binti zako, na ulipoondoka uliondoka ukiwa na mvi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za kitabu kile. Naweza kukihukumu nikiwa nimekaa au nimesimama. Na leo nikiandika hadithi zangu mwenyewe, hakuna anayeingia chumba chenye mzee bila kuamkia.

Lakini kuna jambo kijana wa Nangwa halijui. Siku tunatoka hospitali uliniambia, "Kitabu kile usimwazime mtu. Mwisho wake ni mbovu."

"Mbovu vipi? Si alikamatwa?"

"Niliusoma mwenyewe. Jioni ile ulipokwenda kutafuta chakula. Polepole, lakini niliumaliza."

Nilisimama njiani nimeshika mfuko wako wa nguo. Nikakuuliza, kama uliusoma, mbona ulikubali kuingia chumba cha upasuaji.

"Niliingia na ule wako," ukasema, ukaniomba tutembee taratibu kwa sababu ya mshono.

Pumzika, Kaka. Nimeweka alama hapa. Sisomi mbele bila wewe.

Mdogo wako,
msomaji wa kambini