Siku Tisini na Tisa za Kurudi Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Umri: miaka 14. Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili. Makazi: kwa bibi yake, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha maziwa. Aliyefuatana naye: bibi yake.

Leo Jumanne, tarehe 16 Juni 2026, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Naahidi kusema yote, hata yanayoniumbua.

Marehemu babu yangu, mhandisi wa meli, alikusanya saa za mkono kwa miaka arobaini. Aliacha sita, zote za kutia ufunguo, zisizotumia betri. Aliyoipenda kuliko zote ina kalenda inayojua yenyewe miezi mifupi na mirefu, hata Februari ya mwaka mrefu. Ukisukuma kitufe cha ubavuni, inagonga wakati kwa kengele ndogo ya ndani. Nikitoka shule, mimi na Babu tulikuwa tukifumba macho pamoja na kuisikiliza. Bibi aliiita mke mwenza, na akasema mwenzake huyo hajui hata kuhesabu, maana saa tisa anagonga mara tatu.

Babu alifariki tarehe 7 Machi. Fundi Lenzi, rafiki yake aliyezitunza saa zote hizo, alikuja msibani lenzi yake ikiwa bado kwenye paji la uso. Bibi alicheka, mara moja tu siku ile.

Mnamo tarehe 8 Juni Baba Mkubwa alimpelekea Fundi Lenzi saa hiyo ya kalenda aisafishe, kwa kuwa alipatikana mkusanyaji wa kuinunua. Fundi Lenzi harudishi saa ya kalenda mpaka aishuhudie ikibadili tarehe mara tatu. Aliirudisha tarehe 12 pamoja na karatasi yenye alama tatu za vema. Karatasi hiyo nimeikabidhi leo.

Jumamosi tarehe 13, saa kumi kasoro robo alasiri, Bibi akiwa amejipumzisha, niliitoa kabatini. Nilitaka kidirisha chake kionyeshe tena Ijumaa tarehe 6 Machi, siku ya mwisho tuliyoisikiliza pamoja. Nilikuwa nimehesabu kwenye daftari: siku tisini na tisa. Babu alikwisha kunionya, "Hii haijui kurudi nyuma, mjukuu wangu. Ukiilazimisha utaing'oa meno." Kwa hiyo nilijua. Hata hivyo nilizungusha mishale kinyume. Sikufika hata siku ya pili. Nilihisi kitu kimekatika ndani, kama kijiti cha kiberiti. Niliifuta kwa sketi yangu nikairudisha mahali pake.

Jumapili saa tano asubuhi mkusanyaji alikuja, akavaa glavu nyeupe, akakuta tarehe imekwama. Baba Mkubwa alimwita Fundi Lenzi na kumshutumu kwamba amechomoa kifaa halisi cha ndani akaweka bandia. Fundi alifungua mfuniko, akashusha lenzi, akatazama kwa muda mrefu.

"Hapa hakuna kilichobadilishwa," alisema. "Imerudishwa nyuma."

"Na nani?" Baba Mkubwa aliuliza.

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Fundi aliniangalia, kisha akafunga mfuniko taratibu na kumgeukia Baba Mkubwa.

"Sijui, mwanangu. Mimi nimezeeka."

Baba Mkubwa akaleta askari, wakamkamata fundi. Fundi Lenzi alipokuwa akipita karibu yangu aliniambia nisimwage chai. Jumatatu nilikwenda shule nikanyamaza. Leo nimeshindwa kula, Bibi akaniuliza, nikamwambia, naye akavaa viatu.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaona. Sikupunguza, sikuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Shahidi ameandika kwa mkono wake mbele yangu na mbele ya bibi yake, akasomewa, akakubali. Ameomba kuongeza swali. Nimemruhusu.

Afande, Bibi na mimi tunasubiri jibu hapa kwenye benchi: je, Fundi Lenzi anatoka sasa hivi, au ni lazima Baba Mkubwa aje kwanza aseme amekosea?