Darasa Lisilo na Dawati

Mwenzangu, unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Hivi mwanao na mkweo wanajifungia humo wanatengeneza nini?" Nami kwa kujidai nikamjibu: lugha ya kompyuta, na sasa wanaongeza darasa.

Kumbe darasa lenyewe ni neno tu! NENO!

Kwenye lugha yao, ukitaka kitu kipya unanakili kilichopo, unabadilisha unapotaka. Basi. Mkwe, mume wa binti yangu, anataka waongeze neno "darasa" kwa sababu watumiaji wageni wamelizoea kwenye lugha nyingine za kompyuta, ambako ni kama kalibu ya kufyatulia vitu.

Mwanangu hataki hata kulisikia. "Shemeji, chini yake bado tutakuwa tunanakili tu. Hicho ni kibao cha mlangoni. Ukikiweka, mimi naondoka."

Wasomi wangu hao, Mungu awazidishie, wanakaribia kushikana mashati sebuleni kwangu kwa ajili ya neno.

Mara hodi. Jirani! Na binti yake, sare imenyooshwa, begi mgongoni. "Mama, nimemleta darasani."

Darasani! Uso niuweke wapi?

Mkwe akaruka kama aliyeshushiwa ufunuo. "Umeona? Neno limeleta watu!"

Mwanangu akamtazama yule mtoto anavyotafuta pa kukaa. "Na wamekuta nini?"

Nikasema, "Jamani, muogopeni Mungu, nyie ni ndugu." Nilikuwa naongea na kabati. Mkwe akaliandika neno lake hapohapo kwenye kompyuta, tena huku anatabasamu.

Mwanangu akafunika kompyuta yake, akaitia kwapani. Kiti chake akamsogezea mtoto. Akaondoka, neno akatuachia.