Sahani ya Uingereza ilishinda, na mimi ndiye niliyesema ni safi

Mama Theresia, salamu kwako. Mimi ni kijana wa Bredäng, huku kwa Waswidi, nakusikiaga kila Alhamisi kwa redio, na sikufikiri siku moja nitakutafuta, lakini nimeshindwa. Hii barua si mkono wangu. Anaandika Milcah, dada wa Kenya, tunafanya naye kazi kwa jiko la shule. Mimi nasema, yeye anaandika, nimemwomba aandike vile nasema, asitengeneze. Majina ya watu nimebadilisha, lake tu nimeacha, anasema yeye hana wa kumwogopa.

Sisi ni Wasabato, na kama unajua Wasabato, unajua nguruwe hatugusi. Mwezi wa tano dada yangu Célestine alikuja toka Uingereza, na binamu yetu Vainqueur alikuja toka Amerika, wote kuona mama. Tuliachana Tanzania, kwa kambi ya wakimbizi, kila mtu na ndege yake, na ilikuwa miaka saba hatujakaa pamoja. Siku ya kwanza walilia. Siku ya pili walianza kubishana juu ya chakula.

Vainqueur anasema, «Dada, kwenu wanamwaga maharagwe juu ya mkate, asubuhi, na wanasema wamekula.» Célestine anasema, «Afadhali maharagwe. Nyinyi jibini yenu ni unga, na rangi yake kama koti la watu wa kutengeneza barabara.» «Unga hauozi.» «Hata nzi hawautaki.» «Na ile dawa nyeusi mnapaka kwa mkate, nani mgonjwa?» Mama anacheka mpaka anashika ubavu, na mimi nilikuwa na furaha vile sijakuwaga.

Sasa Jimmy, kiongozi wa vijana wetu, akasikia. Akasema hayo maneno hayawezi kuisha nyumbani, lete vyote Jumapili kwa ukumbi wetu wa Hjulsta, meza moja Uingereza, meza moja Amerika, kanisa lionje na liamue. Dada na binamu walikuwa wamekuja na masanduku yamejaa vyakula vya huko, njo zawadi zenyewe. Célestine anafanya kazi kwa nyumba ya wazee, na wenzake walimfungia boksi la vitu vya kwao, hata yeye hakuwa amelifungua. Akanisukumia lile boksi, akasema, «Wewe unasoma Kiingereza, angalia kila paketi, kitu cha nguruwe kisipite, mimi naenda kusuka.» Vainqueur naye akanirundikia zake.

Mama Theresia, mimi sijui kusoma. Kiingereza, Kiswidi, Kiswahili, hakuna. Kambini nilikaa shule miaka miwili, na huku SFI, shule ya kufundisha wageni Kiswidi, nilienda miezi minne. Mwalimu anagawa karatasi, mimi naangalia jirani anageuza lini, na mimi nageuza. Nikaacha, na nyumbani nikasema nimemaliza. Kanisani tunasomaga mistari kwa zamu, kwa hiyo Ijumaa nasikiliza sura yote kwa simu mpaka naishika, na zamu yangu ikifika nafungua kitabu na nasema. Watu wanasema huyu kijana hakwami. Hakuna mwenye anajua, hata mama. Milcah njo amejua mwezi uliopita.

Kwa jiko la shule, chakula cha watoto wenye hawali nguruwe, mkubwa wetu anabandikaga karatasi ya kijani. Miaka miwili nafuata kijani na sijakosea. Basi nilikaa kwa kitanda, nikashika paketi moja moja, nikapeleka macho toka huku mpaka huku, polepole, vile naonaga watu wanafanya, na midomo nikatikisa kidogo juu ya vile mama alikuwa anapita. Kulikuwa na moja ya kijani. Niliiweka ya kwanza kwa upande wa safi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kwa meza ya Amerika kulikuwa siagi ya karanga ndani ya chokoleti, vibiskuti vya ile jibini ya unga, peremende nyeupe laini kama mto, mahindi ya sukari na chumvi pamoja. Kwa meza ya Uingereza biskuti za kuchovya, tulichovya kwa maziwa ya moto juu chai ya majani hatunywi, na keki ya matunda, na krispi za viazi zenye ladha ya siki, na ile dawa nyeusi. Watoto walionja ile dawa wakatema, wakasema kwa Kiswidi ni uchafu. Kijana mmoja akasema mletee viatu vyangu nivipake. Watu walikuwa wanagombana vizuri, mama mmoja anasema Waamerika hawajui kuacha sukari, mwingine anasema Waingereza hawajui kuianza.

Milcah ananiambia niache kuzunguka, nifike kwa nguruwe.

Ile paketi ya kijani ndani yake kulikuwa vipande vimejikunja, vyepesi, vigumu, vina chumvi. Nilivimimina kwa sahani. Mzee Sébastien, mzee wetu wa kanisa, akaweka kimoja mdomoni, akafunga macho. Akaniuliza, «Kijana, hii ni nini?» Nikasema, «Ni mahindi, Mzee.» Sikujua ni nini. Niliona tu lazima nijibu. Akasema, «Umesoma vizuri?» Nikasema, «Nimesoma, Mzee. Mpaka maandishi madogo.»

Hayo maneno yananirudia mpaka sasa, naosha masufuria nayasikia.

Kila mtu alikuwa na punje moja ya harage ya kuweka kwa meza yenye ameipenda. Ishirini na moja huku, ishirini na moja kule, na Mzee wa mwisho. Akaweka yake Uingereza, mbele ya ile sahani. Vainqueur akasema, «Mzee, umeniuza kwa chumvi.» Mzee akajibu, «Rudi Amerika uwaambie watengeneze kama hii, halafu tuongee.» Ukumbi wote ulicheka. Vilivyobaki akafunga kwa karatasi, akampelekea mke wake, Mama Libérate, juu hakuweza kuja, mguu ulikuwa unauma. Na yeye alikula.

Nilichukua paketi tupu nikaweka mfukoni. Nilitaka Milcah aniambie jina, Célestine anitumie zingine, nimpe Mzee kama zawadi. Jumatatu kazini nikampa. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena. «Wewe, hii mlikula kanisani?» Nikasema ndiyo. «Hii ni ngozi ya nguruwe, imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe.» Nikasema, «Hata mafuta?» «Hata mafuta. Hakuna mahali nguruwe hayuko.» Nikakumbuka nina na ile ya peremende nyeupe, akaisoma, akasema hata hii wameweka kitu wanatoa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe, hapo Uingereza na Amerika wametoka sawa. Alicheka mpaka akakaa kwa boksi la viazi. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

Unajua Mzee Sébastien ni nani? Wakati wa vita alikimbia na watoto porini, wakapata makopo ya nyama, yeye akajua ni nguruwe, akakataa. Siku nne alikula majani ya viazi mabichi. Anasemaga hiyo kanisani, hajisifu, anasema tu kwamba alikuwa na njaa. Mtu kama huyo, na mimi nimemwambia mahindi.

Na bado haijaisha. Sabato iliyofuata Mzee alisimama mbele, akasema kwa makambi, ule mkutano wetu wa mwezi wa saba, watu watatoka Göteborg, watatoka Norway, chakula cha paketi kitakuwa kingi, na kanisa lina kijana anasoma mpaka maandishi madogo, yeye njo atakuwa macho yetu. Watu wakasema amina. Mama alipangusa machozi ya furaha. Mimi niliangalia chini, wakasema ona, hata hajivuni.

Milcah anasema ninyamaze, walishakula, kimeshatoka. Siwezi. Nikisikia jina la Mzee kwa simu, naikata. Siwezi pia kwenda kwake. Nimefika mara mbili mpaka mlango wao, nikasikia anaongea ndani, nikarudi.

Basi nimefikiri hivi. Mama Libérate anafunguaga redio yako jikoni kila Alhamisi, na Mzee anakaaga hapo kwa meza. Ukisoma hii barua, watasikia, watajua ni mimi, na mimi sitakuwa hapo kuona macho yake. Naomba unisaidie hivyo tu. Nakuomba sana, Mama.

Kijana wa Bredäng

*

Mama Theresia anajibu:

Hapana. Redio yangu si mdomo wako.

Barua yako niliipata tarehe nne mwezi wa sita. Sikuisoma hewani wiki ile wala mbili zilizofuata, na siku hiyohiyo nilimpigia Milcah kumweleza sababu. Wasikilizaji wangu, nitarudia yale niliyompa amfikishie kijana. Majina na mahali nimeyabadilisha tena mimi mwenyewe, maana huyu kijana kuficha hajui.

Mwanangu, nakuonea huruma, na nitakugombeza papo hapo, usinikatishe. Mimi ni Mkatoliki wa Bukoba, nguruwe kwetu analiwa Jumapili na ndizi, kwa hiyo sitajifanya mchungaji wenu. Lakini Mzee wako hakutenda kosa lolote, na hilo analijua kuliko mimi. Alikula alichoambiwa ni mahindi. Tatizo lako halimo kwenye sahani. Mzee alikuuliza swali mara mbili, na mara zote mbili ulimdanganya usoni.

Tena tutenganishe aibu zako, kwa sababu umezifunga furushi moja na ndiyo maana huwezi kulibeba. Mtu aliyekaa shule ya kambi miaka miwili na hajui kusoma, huyo hana wa kumwomba radhi. Waliokukosesha shule ndio waone aibu. Mtu anayesema «mpaka maandishi madogo» wakati haoni hata makubwa, huyo anaye wa kumwomba radhi, na anakaa Hjulsta, na mlango wake umeshaufikia mara mbili. Dada yako pia nina neno naye: mwenye macho ya kusoma alikwenda kusuka. Lakini hilo ni langu na yeye. Wewe ukifika kwa Mzee, usilitaje.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Utakwenda siku ya kazi, jioni, si Sabato, si mbele ya watu. Peke yako. Mama Libérate awepo, naye alikula, ana haki ya kusikia kwa mdomo wako. Wakikukaribisha chakula, sema baadaye. Mnyama mtaje kwenye sentensi ya kwanza. Usianze na safari ya dada, usianze na meza mbili na maharagwe. Watu wakianza mbali hivyo huwa wanatafuta njia ya kutokea. Sema: Mzee, ile sahani ilikuwa nguruwe, nilisema nimesoma, sijui kusoma. Halafu funga mdomo. Habari ya karatasi ya kijani mpe akikuuliza tu. Ukiona machozi yanakuja, yameze, maana ukilia wewe, yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na zamu hiyo si yako.

Paketi nenda nayo, zote mbili, na ile ya Amerika. Usibakize kidogo cha kuungama mwakani.

Kazi ya makambi irudishe mwenyewe, kabla hajakunyang'anya. Usiseme umepata udhuru, usiseme zamu zimebadilika kazini. Kisha mwambie mama yako. Atakasirika kwa siku mbili, atapona.

Na kusoma. Nenda ofisi ya SFI, umwambie wa dirishani ukweli: hujui herufi hata za lugha yako. Kuna darasa la watu wa namna hiyo, linaanza na a. Safari ile walikuweka kwenye darasa la wanaojua, na wewe hukufungua mdomo. Sabato zamu ya mstari ikikufikia, mpe kitabu jirani. Mtu mwenye kumbukumbu ya kushika sura nzima kwa sikio hashindwi na herufi ishirini na tisa, ila itabidi ukubali kuonekana unazikosea.

Milcah, wewe umecheka vya kutosha. Nusu saa ya mapumziko, kila siku, paketi za jikoni kwenu zote zina maandishi. Anzeni hapo.

Hayo ndiyo niliyosema, na nikaongeza kwamba barua haitasomwa mpaka Mzee ameyasikia kwanza kwako. Wiki ya kwanza Milcah hakupiga. Ya pili akapiga, akasema kijana ameshuka Hjulsta, amekaa kwenye benchi la stesheni saa nzima, amerudi. Nikamwambia bado.

Jana amepiga tena. Kijana alikwenda Jumanne, akaingia, akasema, hata habari ya barua hii. Mama Libérate alitoka akaenda chumbani. Mzee aliomba paketi, akaigeuza pande zote mbili, akaiweka mezani. Halafu akasema, «Nenda nyumbani. Barua yako wakitaka kuisoma, waisome. Wewe usinipigie. Nitakuita.»

Sasa kijana anauliza kupitia Milcah, angoje siku ngapi, na je, amtume mama yake akamwombee, au mchungaji.

Usimtume mtu. Wala usipite karibu na mlango ili akuone umekonda. Maisha yake yote Mzee amechagua mwenyewe kitu gani kiingie kinywani mwake, na Jumapili ile ulimchagulia wewe. Siku ya kukuita mwachie aichague yeye.