Nilimwambia Mumbua Akaze

Kitengela,
Kajiado.
9 Juni 2025

Mpendwa Dada Mwongeli,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mko aje Kibwezi? Mguu wako umepona, ama bado unauburuta? Sisi tuko wazima. Mgongo unanisumbua, lakini kazi ya mjengo haijui mgongo.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Kidogo nimharibie mtoto wako bahati yake.

Unajua Mumbua anapanda ule ukuta wa michezo tuliojenga hapa mwaka jana. Watoto kumi wanapanda, na wanne tu ndio wa kwenda mashindano Nairobi. Amengojea hiyo nafasi tangu Januari.

Kocha wao, Soipan, ameweka vidude nyuma ya vishikio vya ukuta. Anaviita sensa. Mimi nilidhani ni ile ya kuhesabu watu. Kumbe vinapima nguvu ya vidole, na kwa tableti unaona mstari ukipanda na kushuka.

Siku ya kupimwa nilienda kumtia moyo. Nikaona mstari wake uko juu kuliko wa wenzake. Nikapiga kelele vile tunafanya tukimwaga zege: "Kaza! Kaza, mama!" Mstari ukaruka, nikapiga makofi. Mumbua akakaza mpaka mikono ikatetemeka, akaachia, akabaki ananing'inia kwa kamba. Akawa wa sita.

"Mzee, unashangilia nini?" Soipan akaniuliza. "Huyo unamchosha!"

Eti mpandaji mzuri hushika kwa kiasi cha kutosha tu. Mwenye kubana sana anapoteza nguvu bure. Nilimsihi sana, akakubali mtoto apande tena Jumamosi, bora mimi ninyamaze.

Dada, nilijaribu. Lakini Jumamosi mstari ulipoanza kupanda, mdomo ukanishinda. "Legeza!" Sasa Simel, aliyekuwa chini ameshika kamba, ni mtu wa mjengo kama mimi. Akadhani namwambia yeye, akalegeza kamba. Mungu ni mwema, Mumbua alikuwa bado ameshika ukuta. Soipan alinifukuza hadi getini. Sikuona mwisho.

Nilikaa hapo juu ya mawe ya kujengea, nikifikiria nitakuambia nini. Halafu Mumbua akatoka mbio.

"Mjomba, wewe ni shida! Nimekuwa wa tatu! Nilisikia ukisema legeza, nikalegeza vidole."

Kwa hivyo anaenda. Nimefurahi, Dada, lakini bado sielewi. Mtoto amechaguliwa kwa sababu hakutumia nguvu nyingi. Mimi miaka ishirini na mbili nimekula kwa kutumia nguvu, na hakuna siku msimamizi ameniambia nipunguze. Jana Mumbua aliniuliza kama sasa nimeelewa ile mashine. Nikamwambia ndiyo. Nilidanganya.

Nisalimie Mama, Shemeji Mutinda na Ndunge. Mungu awape mvua na afya.

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata nikikawia kuandika,
Munguti