Nimeruka wavu wa Kibira

Kashebere, Jumanne, 1953. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile isiyojua kunyesha wala kuacha. Inafanana na wanaume wa kijiji hiki.

Leo nimeruka wavu.

Naandika hivyo moja kwa moja kwa sababu huko nje jambo hili linasemwa kwa kunong'ona, mkono mdomoni, kama vile nimeua mtu. Ni wavu wa kuwindia, wavu wa marehemu mume wangu Kibira. Ulikuwa umetandazwa uani kwa shemeji yangu, wanaume wote wameuzunguka wakiziba matundu. Nilishika kitenge changu, nikapandisha kidogo, nikapita juu yake, mguu mmoja kisha wa pili, nikaenda zangu. Mbingu haikuanguka.

Mimi ni mtu wa Ngungu, wa milimani. Kwetu tunalima maharagwe, na maharagwe hayaulizi nani amepita wapi. Huku msituni nililetwa na ndoa, na tangu nifike naambiwa habari za wavu. Mwanamke asiukalie. Asiupitishie chungu. Na zaidi ya yote asiuruke, maana wavu uliorukwa na mwanamke umekufa, hakuna mnyama atakayeingia humo tena. Wanaume wazima, wenye ndevu, wanaogopa kitenge! Wakirudi mikono mitupu, kosa ni la mwanamke fulani. Hawasemi kwamba walikaa kutwa wakivuta tumbaku na kupiga porojo hadi wanyama wakawasikia toka mbali.

Lakini sikuruka kwa mzaha. Niliruka kwa sababu ya Byamungu.

Byamungu ni mwanangu, wa pekee. Amemaliza shule ndogo ya hapa. Sauti yake imeanza kukwaruza, na kaptula niliyomshonea Noeli sasa inamwaibisha mbele ya wasichana. Nikimtazama akilala naona miguu imetoka nje ya mkeka, nashindwa kuelewa mtoto huyu ananikimbia kwenda wapi. Kesho asubuhi kamyo ya Padri, lile lori la misheni, itapita hapa ikipanda Masisi, na kuna nafasi yake. Atalala huko misheni, atasoma, atakuwa mwalimu.

Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani.

Baba yake aliangukiwa na mti walipokuwa wakifanyishwa kazi ya barabara. Alikwenda kwenye kazi ile kwa sababu mtu mwenye kofia alisimama mlangoni akamwambia aende, naye hakuwa na la kujibu. Nataka mwanangu awe na la kujibu.

Sasa, kesho hiyohiyo wawindaji wanaingia msituni kupiga kambi, na wakiingia hawatoki upesi. Mkubwa wao ni Mashauri, mdogo wa Kibira, shemeji yangu. Mungu alipogawa maneno, Mashauri alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alipogawa jasho, alikuwa amekwenda kulala. Jumapili, tukitoka kusali, nilimsikia akiwaambia wenzake:

"Nafasi ya Kibira haiwezi kubakia wazi. Wavu yake itasimama, na mwenyewe ni mutoto wake."

Hapa kila nyumba ina mahali pake katika mstari wa nyavu, tangu babu zao. Asiye na wavu hana mahali, na asiye na mahali hana nyama wala neno mbele ya wazee. Nikaelewa: wanataka kuniibia mtoto, kumkalisha porini na mbwa wenye kengele, hadi kamyo ipite na Padri ampe mwingine nafasi. Basi nikawaza, kama hawa watu wanaogopa kitenge changu, kitenge changu kitafanya kazi.

Leo mchana nimefika pale uani na kumkuta Byamungu ameshika ncha ya wavu, wazee wanamtazama. Sikungoja kitu.

Na unajua nani alilia wa kwanza? Si Mashauri. Ni Papa Fideli, katekista wetu! Kila Jumapili anatuhubiria kwamba miiko ya wavu ni ushenzi, ni kazi ya shetani. Lakini leo alikuwepo pale na kikapu chake kwapani, ili nyama ikija wasije wakamsahau. Nilipoinua mguu aliruka nyuma kama aliyekanyaga siafu.

"Mama! Pita kando! Utaiharibu!"

Halafu akakumbuka yeye ni nani, akafanya ishara ya msalaba.

Mashauri akasimama. "Weye mwanamuke wa milima, unajua kitu ulifanya?"

"Najua," nikamjibu. "Sasa mutoto wangu hawezi kwenda na nyinyi mu pori. Atapanda kamyo."

Walitazamana. Mashauri alifungua mdomo, akaufunga. Tangu niolewe katika ukoo huu sijawahi kumwona amekosa neno, na nakiri kwamba nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nimeinua shingo kama mke wa mwami. Nikatwanga sombe, majani ya muhogo, nikiimba.

Byamungu alikuja jioni, amelowa. Nilimwekea bugali, hakunawa mikono.

"Mama, nani alikuambia niko naenda ku pori?"

"Nilimusikia Papa yako mudogo, na masikio yangu."

"Miye nilishamwambia. Nilimwambia ntapanda kamyo, akakubali. Akasema atatega wavu ya papa pembeni ya yake, nikirudia mu vakansi nitakuta nafasi yangu. Leo njo nilikuwa namuachia ile wavu, mbele ya wazee, juu kila mutu ajue iko yangu."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Sikujua niuweke wapi.

"Na sasa?"

"Sasa wanasema wavu imekufa. Kesho wataziba nafasi ya papa na wavu ya mutu mwingine."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele, kelele ningeijibu. Alichota majivu na kidole, akachora mstari sakafuni, akaufuta na kiganja.

"Kusoma nitaenda, Mama. Lakini nikirudia, nitasimama wapi?"

Nimeishi katika kijiji hiki nikiwadharau wote. Mashauri na maneno yake, Papa Fideli na kikapu chake, wazee na kamba zao. Sijutii, wengi wao wanastahili. Lakini leo nimeona kwamba katika hesabu yangu nilimweka na mwanangu humohumo. Nilidhani ataburutwa tu, mdomo umefungwa. Nilitaka awe na la kujibu, kumbe alikuwa nalo. Alikwenda peke yake kwa mtu mzima, akasema lake, akasikilizwa. Sikumuuliza hata swali moja.

Nimeona aibu. Mbele ya mtoto wangu, na bugali inapoa.

Kuna dawa, amesema. Aliyeruka wavu anaweza kuufufua mwenyewe, asubuhi, kabla wawindaji hawajaondoka. Anachukua maji mdomoni, anayatemea wavu, kisha anataja jina la mwenye wavu na kumtakia mawindo mema. Kwanza marehemu. Halafu anayeutunza wavu. Halafu mtoto. Kila jina na maji yake, mbele ya wanaume wote, amepiga magoti.

Magoti! Mbele ya Mashauri!

Kabla sijamjibu Byamungu, nani akabisha mlangoni? Papa Fideli, bila shaka. Harufu ya sombe humleta hata kama habari hazijamleta. Alikuwa ameshasikia mambo ya dawa.

"Mama Byamungu, ile ya kutemea maji iko bushenzi. Ukiifanya, nitamwambia Padri. Hautapata tena komunyo."

"Papa Fideli, leo wakati niliruka, nani alilia wa kwanza?"

Aligeuza macho kwenye chungu cha sombe.

"Nililia juu ya amani," akasema.

Nilimpa sombe aende. Mtu wa namna ile, ukimjibu unampa ukubwa.

Sasa Byamungu amelala. Nguo zake nimezifunga: shati, kaptula nyingine niliyoiongeza kitambaa chini, kipande cha sabuni. Atapanda ile kamyo hata kama nitaisukuma mwenyewe hadi Masisi. Kuhusu hilo sibadiliki.

Na bado siamini. Wavu ni kamba za magome ya miti, mbele ya Mungu na mbele yangu. Ila siku moja atarudi, mwalimu, na viatu. Hataki kusimama pembeni kama mgeni huku wengine wakishika kila mtu ncha yake. Mimi ninakujua kusimama pembeni. Nimesimama pembeni ya kijiji hiki tangu nilipoletwa, na ninajifanya ni mimi niliyepachagua. Sitampa mwanangu urithi huo.

Papa Fideli akapeleke maneno kwa Padri. Padri nitamwambia mimi mwenyewe, kesho hiyohiyo, kwenye mlango wa kamyo.

Nimejaribu dawa hapa jikoni, peke yangu, kikombe mkononi. Nimetema maji, nikasema "Kibira". Limetoka vizuri, hata macho yakanilowa. Nimesema "Byamungu". Limetoka kabla hata ya maji. Halafu nikachukua maji kwa ajili ya shemeji yangu, anayetunza, aliyemsikiliza mwanangu siku ambayo mimi sikumsikiliza.

Nikayameza.

Nimejaribu tena. Nimemeza tena. Tumbo limejaa maji na jina la Mashauri bado liko kooni.

Lakini mtungi haujaisha, na wawindaji hawaondoki, wala kamyo haifiki, kabla ya jua kupanda.