Kitenge Nilichokifunga Juu Mno

Mama,

Ningeyasema haya kaburini kwako Buhinyuza, lakini njia ya Muyinga imefungwa tena, na kila anayetoka huko ananiambia nisithubutu. Kwa hiyo naandika hapa Gitega, kwenye karatasi za kazi, nikiwa na hasira. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yako.

Zaina amejifungua mtoto wa kike. Tumempa jina lako. Lakini tangu siku hiyo dada yangu hawezi kutembea. Akiinuka, anasema nyonga zinaachana. Daktari alisema hakuna mfupa uliovunjika, turudi nyumbani. Nikamfunga kitenge tumboni, kwa nguvu, nikidhani ndivyo ulivyokuwa ukiwafunga wanawake waliojifungua. Maumivu yakazidi.

Wiki iliyopita risasi zilisikika upande wa Makebuko. Majirani wakafunga mizigo. Zaina akaniambia polepole, kama mtu anayeagiza chumvi: "Kaka, we beba mtoto, wende. Mi nitabaki."

Ulinifukuza kwenye chumba ulimowazalisha wanawake, Mama. Ulisema mwanamume hana kazi humo. Zaina alikuwa mdogo, hukumwita. Kisha homa ya siku tatu ikakuchukua, pamoja na ufundi wako wote. Kwa nini hukutufundisha?

Juzi, shuleni Mushasha ninakofanya ukarani, nilipewa somo la wauguzi nilipige chapa. Linaeleza mfupa wa pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo: umekaa kama kabari kati ya mifupa miwili ya nyonga, umeshikwa na kano. Uzazi hulegeza kano hizo. Ili kabari ishike, nyonga zibanwe kutoka pembeni, usawa wa pale mapaja yanapoanzia. Chini, Mama. Si tumboni. Mstari huo niliukosea mara tatu.

Nikamfunga upya, juu ya gauni, nimefumba macho kwa aibu. Zaina akasema, "Fumbua, usije ukafunga mto." Alicheka. Kisha akasimama. Hatua sita, akishika ukuta.

Hatua sita hazifiki hata barabarani. Najua. Naogopa kila gari linalosimama nje.

Mungu akurehemu, Mama. Pumzika. Ila jambo moja nakuahidi: mtoto sitambeba peke yake. Tukiondoka, tutaondoka watatu, kwa mwendo wa Zaina.

Mwanao,
Yusufu