Klachi ya Kirikuu cha Baba

Urashiro, Ehime
Novemba, msimu wa kuchuma chenza

Kwako Kaka Shigeki,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Kanae na watoto, na kwamba theluji ya Sapporo haijaanza kuwafungia milango. Huku baridi bado ni ya sweta tu. Mimi sijambo, ila mgongo unauma kwa kubeba makreti, na mikono inanuka maganda ya chenza hata nikioga mara mbili. Boksi la chenza tulilowatumia limefika? Zile zenye madoa ndizo tamu, usimwache wifi azitupe.

Najua unashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hukatiza. Mtu hajamaliza kusema, tayari umeshampa uamuzi. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ulinituma kazi, nami nimeifanya. Ulisema Baba ana miaka themanini na mbili, kuendesha sasa basi, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa udereva nimchunguze. Nikiona kasoro nichukue funguo, kisha wewe ukija mwaka mpya umpeleke polisi akarudishe leseni, na kirikuu, kile kigari chake cha mizigo, kiuzwe. Tulikubaliana. Sikupinga, na leo sitajifanya kwamba nilipinga.

Kasoro niliiona hata kabla hatujafika nyumbani. Baba alinipokea kituo cha basi, na pale barabara ya pwani inaponyooka akaweka gia ya nne, akakanyaga mafuta. Injini ikapandisha sauti, mshale wa mwendo ukabaki palepale. Tulipoanza mlima ikawa kelele tupu. Bibi Tomoe alikuwa anasukuma baiskeli yake pembeni na kidogo atupite. Halafu ikaja ile harufu ya kuungua ambayo kazini kwangu naijua kuliko manukato. Nikamwambia Baba klachi inateleza. Akasema gari limezeeka kama yeye, tena lina mzigo. Mzigo gani, Kaka? Nyuma kulikuwa na begi langu na ndoo tupu.

Tulipofika uani sikuvua hata koti. Nilivuta breki ya mkono, nikaweka gia ya tatu, nikaongeza mafuta kidogo, nikaachia klachi. Gari lenye klachi nzima hapo huzimika papo hapo, maana injini inataka kwenda na magurudumu yamefungwa. Hili likaendelea kunguruma kama vile halijaambiwa kitu. Nikainama chini ya usukani nikaangalia waya wa klachi, kwa sababu ukikazwa mno nao huleta ugonjwa huohuo. Ulikuwa umelegea inavyotakiwa. Basi likabaki jambo moja: klachi pleti, ile sahani inayounganisha injini na magurudumu, imeliwa, na aliyeila ni mguu wa kushoto wa dereva.

Nikamsema Baba palepale, kama ninavyowasema wanafunzi wangu. Nilimwambia peda ya klachi si kigoda cha kupumzishia mguu, na kwamba mtu aliyeendesha miaka yote ile akianza kufanya makosa ya wanaojifunza, huo ndio uzee wenyewe. Baba aliangalia viatu vyake tu. Nikatia funguo mfukoni, na Mama akatuita tukale supu kabla haijapoa. Aliniita Chiyono, jina la marehemu dada yake. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Kulipopambazuka Baba alikuja chumbani kwangu, akapiga magoti kwenye mkeka, akaniomba funguo. Alisema ni za asubuhi hii tu, kisha nizichukue kabisa nikitaka. Baba yetu huyohuyo, ambaye mezani hata chumvi haombi, hunyoosha mkono tu! Nikamwambia hapana. Akainuka, akavaa buti, akatoka. Dirishani nikamwona Mama yuko barabarani tayari, kikapu mgongoni na mkasi wa kuchumia mkononi, anapanda kwenda shamba la juu, na Baba anamfuata kwa miguu.

Nikahisi kuna jambo ninafichwa, nikavaa haraka nikawafuata. Niliwakuta kwenye kona ya sanamu la Jizo, mlinzi wa wasafiri. Mama alikuwa amegeuka na anamfukuza Baba. Alimwambia hamjui, akizidi kumfuata atapiga kelele watu waje, yeye ni mke wa mtu. Baba alikuwa ameinua mikono yake miwili, anarudi kinyumenyume, anasema samahani mama, mimi napita tu, samahani. Mama machozi yalikuwa yanamtoka, mkasi kaushika kama kisu. Baba aliponiona aliniambia tu, "Fumiyo, lete gari."

Nilikimbia. Kirikuu kilipanda mlima ule kwa shida, injini inalia, harufu imejaa mpaka machoni. Nilipoikaribia kona Mama alinyamaza. Aliinua kichwa, akasikiliza. Akajifuta uso kwa kitambaa chake cha kichwani, kisha akamwambia Baba, mwanamume yule asiyemjua, "Haya, nenda zako. Mume wangu huyo anakuja." Akageuka, akaendelea kupanda kwa mwendo wake wa siku zote, wala hakutazama nyuma tena.

Baba alikuja akashika usukani, nami nikasogea pembeni. Hata kwenye gia ya kwanza tulikuwa tunamzidi mwendo. Kwa hiyo Baba akabana klachi nusu, akaachia kidogo, akabana tena, na kirikuu kikatambaa nyuma ya Mama kwa kasi ya miguu yake. Nilimwambia asimame, amwache atangulie, ndipo amfuate. Alinijibu kwamba alishajaribu: Mama akisikia gari limesimama, naye husimama, hudhani limemharibikia mumewe, hurudi kumtafuta. Kupanda humo ndani hakubali, maana akiuona uso wa dereva ile hofu inaanza upya. Alisema nyumbani kuna siku anamjua na kuna siku hamjui, lakini mlio huu hajaukosea hata mara moja. Huu ni mwaka wa pili. Ndivyo klachi ilivyoliwa.

Kwa hiyo zile simu zako, Kaka, ukiambiwa Mama yuko bafuni, Mama yuko kwa jirani, Mama amelala mapema, jua kwamba alikuwa pale pale kando ya Baba, anauliza ni nani huyo anayepiga. Baba alitunyamazia kwa sababu aliogopa tutafanya lilelile ambalo mimi na wewe tulikuwa tumeshalipanga. Nimelia kwa hilo kuliko kwa ugonjwa wenyewe.

Fundi Kanbara alipofungua klachi alikuta pleti imekwisha kabisa, chuma kinakwaruza chuma. Aliniambia si ya kwanza kumbadilishia. Kijiji kizima kinajua. Asubuhi hakuna anayetoa gari kwenye njia ya juu mpaka wale wawili wafike shambani. Ni sisi watoto wao tu tuliokuwa hatujui. Wakati anafunga mpya ametuazima kirikuu cha shemeji yake, cha aina ileile. Kabla hajatuachia alimwambia Baba asimame mbali, afumbe macho, asikilize kama mlio ni wenyewe.

Sasa lile ninaloogopa kukuambia. Funguo nimezirudisha kwa Baba, na sikukuuliza. Barabara kubwa hataendesha tena, hilo amekubali, na safari za mjini nitampeleka mimi, kwani nimeomba kuhamia shule ya udereva iliyo karibu na hapa. Lakini njia ya juu, asubuhi, ni yake. Kirikuu hiki kikiuzwa, Mama atakuwa mjane ilhali mumewe yuko jikoni anakunywa chai. Kasirika ukitaka. Mimi sitabadili.

Njoo mwaka mpya kama ulivyoahidi, na uje na viatu vya kupandia mlima. Mama akikuita mgeni usiumie. Akikupa chenza pokea kwa mikono miwili, umshukuru.

Jana nilimuuliza Baba tutafanyaje siku Mama atakapousahau na mlio wa gari. Alikuwa anamenya chenza. Alisema kwanza klachi itapumzika, akacheka mwenyewe. Kisha akasema siku hiyo atashuka garini, avue kofia, ajitambulishe kwake upya. Mara ya kwanza Mama alimkubali, na wakati ule Baba hata baiskeli hakuwa nayo.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya babu na bibi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Fumiyo